Kipande cha Mizani Tisa

Harusi binti Mahadhi wa Takaungu alitaniwa kwa jina lake tangu utotoni. Alipoolewa mara ya kwanza watu walisema leo Harusi ana harusi. Alipoachwa baada ya miaka minne bila mtoto, wakasema harusi imekwisha, wageni wametawanyika. Akaolewa tena Mnarani, akaachwa tena, na aliporudi kwa babake mara ya pili hakuna aliyemtania. Alipita vichochoroni na sanduku lake, watu wakimwamkia kwa sauti ya chini kama wanavyoamkiwa wafiwa. Hapo ndipo alipojua kwamba hataolewa tena.

Babake hakumuuliza neno. Aliisogeza cherehani yake upande, ili mwanawe apate pa kutandika mkeka, akasema, "Kaa hapo, penye mwanga." Tangu siku hiyo wakawa wanashona wawili chumba cha mbele, baba akishona kanzu kwa cherehani ya kukanyaga, binti akishona kofia kwa mkono, zile zenye matobo madogo madogo ambazo moja huchukua mwezi na zaidi. Wakakaa hivyo miaka kumi na mmoja.

Mzee Mahadhi alikuwa fundi, na alikuwa mtunzi pia. Kasida aliyoitunga ya kumsifu Mtume ilisomwa msikitini kila Maulidi, na watu walikuja kumwomba beti za kuposea, za kuagia maiti, za kumpatanisha mume na mke. Hakuandika. Alitunga mguu ukiwa kwenye kanyagio. Pindo refu likinyooka aliimba, akifika kwenye kona alinyamaza, akageuza nguo, akaendelea. Harusi hakufundishwa kitu katika hayo. Aliyapata kwa sikio. Mtu akiimba harusini mstari uliopungua, sindano ya Harusi ilisimama yenyewe.

"Umepungua," alikuwa akimwambia babake.

"Wapi?"

"Hapo kati."

Mzee alicheka, akakubali. Hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba yule mwanamke wa kofia alikuwa na mizani kichwani.

Katika tungo zote za babake liko shairi moja ambalo mzee hakumpa mtu kwa muda mrefu. Alilianza mwaka aliofiwa na mkewe, mamake Harusi, na alikuwa akiliimba peke yake. Ubeti wake wa kwanza ulikuwa huu:

*Nitilie mnyweshaji, kikombe kisichokoma,*
*Kiu yangu si ya maji, i ndani mwangu mtima,*
*Hakijui mchujaji, wala mnazi kugema,*
*Nimelewa na sijanywa, walonywa wamesimama.*

Beti zilikuwa saba, na kila ubeti uliishia kwa mstari ule ule wa kulewa bila kunywa. Harusi alizijua zote, isipokuwa mahali hapa na pale ambapo kelele ya cherehani ilikuwa ikimpita mwimbaji. Hakuwahi kuuliza. Mtu haulizi kitu anachoamini atakisikia tena kesho.

Mwaka wa themanini na tatu alikuja Fumo, kijana wa ukoo wa visiwa vya kaskazini aliyekuwa akiimba katika harusi za Malindi. Alikuja kupimwa kanzu, akamkuta mzee anaimba, akasimama mlangoni mpaka ubeti ukaisha. Alimbembeleza wiki tatu. Mwisho mzee akampa shairi lile, kwa mdomo, akiwa anashona. Harusi alikuwa jikoni.

Mwaka uliofuata, mwezi mmoja baada ya Idi, Mzee Mahadhi alianguka akitawadha. Daktari wa Kilifi akasema ni kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yote yakamtoka yakabaki moja tu: "basi." Akitaka maji alisema basi. Akiumia alisema basi. Akimwona binti yake asubuhi, macho yake yakimeta, alisema basi. Maalim Shee wa msikitini, mtu aliyesoma naye chuo cha Kurani tangu utoto, alikuja kila Alhamisi na kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani na kuoshwa kwa maji, akamnywesha rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe.

Halafu ikaja kanda.

Mtu alikuwa ameinasa sauti ya Fumo katika harusi moja ya Malindi, na kanda ikanakiliwa, ikashuka kwa mkono na mkono, ikavuka kivuko cha Kilifi, ikafika Takaungu. Katika kanda hiyo Fumo aliimba shairi la kikombe kwa ngoma na kinanda, huku nyuma wanaume wakipiga mbinja. Alipofika ubeti wa tatu aliimba hivi:

*Hii kiu si ya juzi, ilinianza zamani,*
*Wameshindwa wauguzi, dawa yake hawaoni,*
*Nipeni tembo la mnazi, nianguke mlangoni,*
*Nimelewa na sijanywa, walonywa wamesimama.*

Hapo kwenye tembo la mnazi wasikilizaji walipiga kelele mpaka sauti ya Fumo ikazama.

Kwa wiki mbili Harusi hakujua lolote. Alichokiona ni kwamba watu wamepungua barazani. Alhamisi moja Maalim Shee alikuja bila kombe. Alikaa karibu na kitanda, akamtazama mgonjwa, kisha akamwita Harusi ukumbini.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mwengine. Kasida ya babako haitasomwa Maulidi haya."

Harusi alidhani hakusikia vizuri. Maalim akamweleza habari ya kanda. Akamwambia kwamba watu wameanza kukumbuka mambo: kwamba Mahadhi alikuwa akionekana siku za Jumapili katika minazi ya Gona, mgema wa Kigiriama huko nyuma ya barabara kuu, kwamba amepigwa na Mungu ulimi, kiungo kile kile alichokosea nacho.

"Wewe wamjua baba," Harusi alisema. "Si maneno ya kikombe cha udongo hayo."

"Najua. Wako wacha Mungu waliosema mvinyo wakakusudia mapenzi ya Mola wao. Vitabu vyao ninavyo. Lakini hao walisema mvinyo, kitu ambacho hapa petu hakuna akionaye. Tembo kila mtu anajua linagemwa wapi na linanywewa na nani. Ukisema tembo, Harusi, umesema tembo."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo lilimfanya Harusi ashindwe zaidi. Mkali unaweza kugombana naye.

Alipanda kwenda Malindi kumtafuta Fumo. Alivuka kivuko kwa jua kali, akauliza nyumba mpaka akaipata, na mamake Fumo akamkaribisha, akampa maji, akamwambia mwanawe amekwenda Maskati kuendesha lori, yapata miezi miwili, na barua bado hajaleta. Harusi alikunywa maji yale, akarudi.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri wanawake wa mtaa walikuwa wakisoma ngumbaru katika darasa la shule ya msingi, na aliyewafundisha alikuwa Mwalimu Nduku, mwanamke wa Machakos, Mkristo, aliyefundisha Kiswahili katika shule ya sekondari iliyokuwa karibu. Harusi alijua kusoma kwa sababu yake. Mwalimu Nduku alikuwa na daftari la rangi ya kijani alilotoka nalo chuoni, lenye kanuni zote za ushairi, na alikuwa akiziogopa. Aliwahi kumwambia Harusi kwamba huwafundisha watoto wa pwani mashairi kama mtu anayemfundisha samaki kuogelea.

Alikuja nyumbani Jumamosi na redio yake ya kaseti. Akamwamkia mgonjwa, akaketi mkekani, wakaweka nakala ya kanda ambayo Harusi alikuwa ameiazima mtaani. Ilibidi kuirudisha mara nyingi, maana Mwalimu aliandika neno kwa neno na ngoma zilikuwa zikimfunika mwimbaji. Mzee alilala pale pale, uso umeelekea ukutani. Ubeti wa tatu waliurudisha mara sita au saba.

Kisha Mwalimu akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, akigawa maneno silabi kwa silabi. Alieleza kila alichokiona, nusu akimweleza Harusi, nusu akijieleza mwenyewe. Shairi lina mishororo minne kila ubeti. Kila mshororo umekatika vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina mizani nane. Vina vinabadilika kila ubeti lakini kibwagizo hakibadiliki. Ilikuwa kazi safi, alisema, kama mshono usioonyesha uzi. Kisha kalamu ikasimama.

"Ni-pe-ni te-mbo la m-na-zi," alihesabu. Akarudia. "Bi Harusi, hii ni tisa."

"Najua ni tisa. Tangu niliposikia kanda sindano imenisimama."

"Vipande viko hamsini na sita. Hamsini na tano vina nane. Hiki kimoja tu kina tisa." Uso wa Mwalimu ulikuwa umechangamka. "Basi hiki si cha mzee. Huyo mwimbaji amekitia mwenyewe ili awachekeshe watu wake. Mzee alisema nini hapo?"

Harusi alifumba macho. Alimwona babake ameinama, kanzu nyeupe ikimpita mkononi, mguu ukienda. Alisikia wauguzi, alisikia mlangoni, na katikati akasikia cherehani. Alikaa muda mrefu. Ndipo maneno yakamjia mdomoni, yakakaa mahali pake sawasawa.

"Nipeni chake Mwenyezi," alisema. "Kikombe chake Mwenyezi. Nipeni chake Mwenyezi, nianguke mlangoni."

Mwalimu alihesabu. Nane. Kina ni *zi*. Akapiga goti lake kwa furaha, akaandika. Harusi naye alifurahi, lakini furaha yake ilikuwa na kitu kama mwiba ndani yake, kwa sababu hakuweza kujua kama amelikumbuka neno lile au amelitunga.

Mwalimu alitaka kumaliza uchambuzi wote, kama wanavyotakiwa wanafunzi. Chini ya umbo aliandika kichwa kingine, hali ya mtunzi, na mbele yake akaandika: furaha ya mtu aliyelewa mapenzi ya Mungu. Alimsomea Harusi.

"Si furaha, Mwalimu."

"Lakini amelewa."

"Mtu mwenye furaha haombi aanguke mlangoni. Angeomba afunguliwe."

"Basi niandike huzuni?"

"Huzuni pia sio." Harusi alilifikiria jambo hilo, akimtazama babake mgongo. "Andika amechoka kubisha."

Mwalimu alisita, maana neno hilo halikuwamo katika daftari la kijani. Kisha akaliandika.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Maalim Shee alikuja na wazee wawili wa msikiti. Harusi ndiye aliyewaomba. Mwalimu Nduku alikuja amejifunga kitambaa kichwani kwa heshima ya nyumba, akakaa kando karibu na Harusi, wazee wakakaa vitini karibu na kitanda. Mgonjwa alikuwa ameegemezwa mito, anatazama.

Mwalimu alieleza vizuri. Sauti ilimtetemeka mwanzoni, ikatulia alipofika kwenye hesabu. Alionyesha vile vipande hamsini na tano. Alionyesha hiki kimoja. Mzee mmoja alisema yeye hajui mambo ya kuhesabu maneno kama korosho. Lakini Maalim Shee alikuwa anasikiliza kwa makini, midomo ikihesabu pamoja naye, na Harusi aliona uso wake unafunguka.

"Kweli," Maalim alisema. "Mahadhi hawezi kuvunja mizani. Namjua tangu chuoni. Angevunja mguu kwanza." Akamgeukia Harusi. "Na lake lilikuwa lipi? Tuimbie, mwanangu, kwa mahadhi yake."

Harusi hakuwa ameimba mbele ya wanaume maisha yake yote. Alianza kwa sauti ndogo, macho chini. Hii kiu si ya juzi, ilinianza zamani. Alipofika mstari wa pili alisikia sauti nyingine chini ya sauti yake, nzito, yenye kukwaruza. Aliinua macho. Babake alikuwa anaimba.

Midomo ilikuwa imepinda upande mmoja, mate yakimshuka kidevuni, lakini maneno yalitoka mazima, moja baada ya moja, kwa tuni ile ile ya cherehani. Mwaka mzima alikuwa hajatamka neno ila basi. Harusi alinyamaza kwa mshangao, na mzee akaendelea peke yake:

"Wameshindwa wauguzi, dawa yake hawaoni. Nipeni tembo la mnazi, nianguke mlangoni."

Akaimba kibwagizo chote. Akawatazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeleta nguo iliyokamilika anayengoja ijaribiwe.

Mzee wa korosho aliangalia viatu vyake. Harusi alipiga magoti kando ya kitanda, akaushika ule mkono wa kushoto ulio hai.

"Baba, ni tembo la mnazi au ni chake Mwenyezi? Niambie. Nifinye mkono. Ni chake Mwenyezi?"

"Basi," alisema babake.

"Au ni tembo?"

"Basi. Basi, basi." Na machozi yakaanza kumtoka, hata ikawa haijulikani analia kwa swali la kwanza au la pili.

Maalim Shee aliinuka. Alimfuta rafiki yake kidevu kwa ncha ya kilemba chake. "Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye," alisema, akatoka, wenzake wakamfuata. Kasida haikusomwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata.

Mwalimu Nduku alirudi baada ya siku chache, hajalala vizuri. Alikuwa amefikiri, alisema. Pengine mzee alivunja mizani makusudi. Mahali penyewe ni mshororo wa tatu, ambao katika daftari lake huitwa mleo, na ndipo ulevi unapozidi. Mlevi akiyumba mstari nao umeyumba. Na pengine alisema tembo kwa sababu kila mtunzi huchukua kileo cha kwao. Alikuwa anasema maneno mazuri, na Harusi alijua ni mazuri.

"Mwalimu," alimkatiza, "ile kanda tuliicheza mara ngapi humu ndani?"

Mwalimu aligeuka akakitazama kitanda.

"Ubeti ule mara sita, saba. Yeye amelala pale. Mtoto angeshika kwa mara tatu. Ama ni yeye aliyeutunga, ama ni mimi niliyemfundisha kwa kanda yangu, nikawaita watu waje wamsikie."

Mwalimu alitaka kumwambia si kosa lake, akajikuta analifunga daftari.

Harusi alikwenda hata kwa Gona. Alimkuta chini, anatia makali kisu chake. Gona alisema ndiyo, Mzee Mahadhi alikuwa akija. Alikuwa akikaa kwenye gogo na kumtazama akipanda. Alikuwa akimwomba amtilie kidogo katika kifuu, akakishika mkononi muda mrefu, akinusa.

"Alikuwa akinywa?"

"Mimi nilikuwa juu ya mnazi, mama," Gona alisema. "Nikishuka nilikuta kifuu kitupu. Na mchanga wa hapa wanywa kila kitu."

Kwa miezi mingi Harusi alijaribu. Alikaa kitandani asubuhi, akauanza ubeti wa tatu, akanyamaza mahali pale. Siku nyingine mzee aliimba ubeti wa kwanza badala yake. Siku nyingine alifika wauguzi akasimama, akaanza kulia. Harusi alipoona kwamba kila swali lake linamliza, aliacha kuuliza. Akawa anamlisha uji, anamgeuza ubavu, anashona kofia zake. Mwalimu Nduku alihamishwa kwenda bara. Aliacha lile daftari la kijani.

Mzee Mahadhi alifariki mvua za masika za mwaka wa themanini na saba. Watu walijaa hata vichochoro havikupitika. Waliomkwepa barazani miaka miwili walilibeba jeneza begani, wakanyeshewa, wakamrushia mchanga wa haki yake. Wanawake walimkumbatia Harusi na kumwambia babake alikuwa mtu mwema. Hakuna aliyelitaja shairi, wala kwa kumlaumu wala kwa kumtetea, na Harusi hakupata mahali pa kulitia neno lake. Angemwambia nani, na angemwambia nini?

Arubaini ilipopita, Maalim Shee alikuja na daftari na kalamu. Alikuwa amezeeka ghafla. Alimwomba Harusi amwimbie lile shairi aliandike, lisije likapotea. Harusi aliimba polepole, na Maalim akaandika kwa herufi za Kiarabu, ubeti wa kwanza, wa pili. Katika wa tatu, baada ya wauguzi, wote wawili walisimama.

"Tuandike lipi?" Maalim aliuliza.

"Sijui, Maalim."

"Na wewe ndiwe mwanawe. Moyo wako wasemaje?"

"Moyo wangu wataka lile la Mwenyezi. Ndiyo sababu siwezi kuuamini."

Maalim alingoja kidogo, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Kisha akaruka nafasi ya kipande kimoja, akaandika nianguke mlangoni, akamwashiria aendelee.